Flashi Haichomolewi kwa Kukisia: Ufafanuzi kwa Watumiaji wa Kompyuta Wasioona

Katika steshenari za Tabora mjini, maofisini na kwenye vyumba vya kompyuta vya shule na vyuo, mabishano kuhusu flashi hayaishi. Wapo wanaoshikilia kwamba tangu Windows 10 ianze kutumika mtu anaweza kuichomoa flashi wakati wowote anaotaka, na kwamba habari za kuitoa kwa utaratibu ni mazoea ya zamani tu. Wapo wengine wanaosema kwamba flashi iliyochomolewa ghafla huungua, na kwamba ndiyo maana mafaili hupotea. Mtumiaji anayeona huweza kuishi katikati ya mabishano hayo bila hasara kubwa, kwa sababu huitupia jicho taa ndogo ya flashi, akaona imeacha kumeta, ndipo akachomoa. Mtumiaji asiyeona hawezi kuitegemea taa hiyo, na mara nyingi anachoambiwa ni asubiri mhudumu aje amchomolee. Nauandika ufafanuzi huu kwa sababu kusubiri huko si lazima. Kazi yote ya kuitoa flashi kwa usalama hufanyika kwa kibodi na masikio, ilimradi mtu aelewe kinachoendelea ndani ya kompyuta na ajue ni sauti ipi ya kuiamini.

Yapo maneno machache ya kuwekwa sawa kwanza. Flashi ni kile kifaa kidogo cha kuhifadhia mafaili kinachochomekwa kwenye tundu la USB, na mengi yatakayosemwa hapa yanaihusu pia diski ya nje pamoja na memori kadi iliyowekwa kwenye kisomeo chake. Kisoma skrini ni programu inayotamka kwa sauti, au kupeleka kwenye kifaa cha Braille, yale yaliyoandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Kwa upande wa Windows zinajulikana zaidi tatu: NVDA, ambayo ni ya bure, JAWS, ambayo hulipiwa, na Narrator, ambayo huja ndani ya Windows yenyewe. Kuitoa flashi kwa usalama maana yake ni kuiamuru kompyuta ikamilishe kila ilichokuwa ikikiandika kwenye flashi, ikate mawasiliano nayo, kisha ikuarifu kwamba sasa unaweza kuichomoa. Kutoa, kwa maana hiyo, ni agizo la kibodi. Kuchomoa ni kazi ya mkono, nayo huja baadaye.

Ili kuelewa kwa nini hatua hizo mbili zimetenganishwa, mfikirie mtu anayepeleka mzigo kwa treni kutoka stesheni ya Tabora kwenda Kigoma. Anaukabidhi mzigo kaunta, anapewa risiti, na kwa upande wake shughuli imekwisha. Mzigo wenyewe, hata hivyo, bado uko chini. Wapagazi hawajaupakia, na karani hajaandika kwenye daftari linalosafiri na treni kwamba umewekwa behewa gani. Treni ikiondoka kabla ya kupakia, mzigo unabaki Tabora, na ikiondoka baada ya kupakia lakini kabla daftari halijajazwa, mzigo utafika Kigoma bila mtu yeyote kujua uko wapi. Kompyuta nayo hufanya kazi kwa mtindo huo. Unaponakili faili kwenda kwenye flashi, kwanza hupokelewa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo ni ya kasi, kisha ndipo huandikwa kwenye flashi, ambayo ni ya polepole. Ndani ya flashi lipo pia daftari lake, yaani orodha inayoonyesha kila faili limekaa sehemu gani, nayo ni lazima iandikwe upya kila faili linapoongezwa, linapobadilishwa au linapofutwa.

Hapo ndipo linapojibika lile dai la flashi kuungua. Kwa kawaida haiungui. Kinachoharibika mara nyingi ni faili lililokuwa likiandikwa wakati huo, au daftari lenyewe. Daftari likivurugika, hata mafaili ya mwaka jana ambayo hukuyagusa siku hiyo yanaweza kuonekana kana kwamba hayapo, ingawa maandishi yake bado yamo ndani ya flashi. Kuharibika kwa kifaa chenyewe kwa sababu ya kuchomolewa ghafla hutokea, lakini ni kwa nadra. Tofauti hii ina uzito wake, kwa sababu mtu anayeamini kwamba flashi imeungua huitupa, pamoja na kazi ambayo pengine ingeokolewa. Kwa mwanafunzi au mwalimu asiyeona, kazi hiyo mara nyingi ndiyo nakala pekee anayoweza kuisoma mwenyewe, kwa kuwa kitabu cha karatasi hakimsemeshi.

Dai la upande wa pili, kwamba Windows ya sasa haihitaji utaratibu, lina chanzo cha kweli. Katika toleo la Windows 10 linaloitwa 1809, la mwaka 2018, Microsoft ilibadilisha mpangilio wa kawaida wa vifaa vya kuchomeka. Ipo mipangilio miwili. Wa kwanza unalenga uchomoaji wa haraka, na humo Windows haikai na maandishi kwenye kumbukumbu ya muda, bali huyapeleka kwenye flashi moja kwa moja. Wa pili unalenga kasi ya kazi, na humo maandishi huruhusiwa kusubiri, hivyo kuitoa flashi kwa utaratibu ni lazima. Tangu toleo la 1809 mpangilio wa kawaida ni ule wa kwanza. Habari hiyo ilipoenea mwaka 2019, watu wengi walibaki na nusu yake tu, kwamba huhitaji tena kuitoa flashi, wakaiacha nusu nyingine inayosema ilimradi hakuna kinachoandikwa kwa wakati huo. Sharti hilo ndilo gumu kwa asiyeona. Kazi za kuandika na kusoma huendelea bila kutangazwa: programu ya kuandikia iliyofungua faili lako kutoka kwenye flashi huweka humo humo nakala zake za muda, na programu ya kuzuia virusi huweza kuwa inalikagua faili moja baada ya jingine. Isitoshe, kompyuta ya steshenari au ya ofisi si yako, nawe hujui aliyeitumia kabla yako aliupanga vipi mpangilio wake.

Kama kompyuta ni yako, unaweza kujua. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Shuka kwa mishale hadi "Disk drives", fungua kwa mshale wa kulia, shuka hadi kwenye jina la flashi, bonyeza Enter, halafu tumia Ctrl pamoja na Tab hadi ufike ukurasa wa "Policies". Kisoma skrini kitakutajia kama kilichochaguliwa ni "Quick removal" au "Better performance". Ushauri wangu ni kuacha "Quick removal", na bado kuitoa flashi kwa utaratibu kila mara. Utaratibu wenyewe hauchukui hata dakika, ilhali kukisia kunaweza kukugharimu muhula mzima.

Sauti ipi ni ushahidi

Hapa ndipo pana mtego mkubwa kwa anayetegemea masikio, na sijaona ukielezwa vya kutosha. Kompyuta hutoa sauti nyingi wakati wa kunakili na kuchomoa, na karibu zote humfanya mtu aamini kwamba mambo yamekwisha. NVDA, kama hukuibadilisha, hutoa milio midogo inayopanda kadiri kazi ya kunakili inavyosonga. Ukibonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida ni Insert) pamoja na U unaweza kuifanya itamke asilimia badala ya milio, au ifanye vyote viwili. Milio hiyo inafaa sana kujua kazi imefika wapi, ila ikikoma inakuambia tu kwamba dirisha la kunakili limefungwa. Katika mpangilio wa kasi ya kazi, hiyo ni risiti ya kaunta. Mzigo huenda bado uko chini.

Sauti ya pili ni ule mlio wa Windows unaosikika kifaa kinapoondoka. Wengi huuchukulia kama idhini. Kumbe mlio huo husikika pia unapoichomoa flashi kwa nguvu katikati ya kazi, kwa sababu maana yake ni kwamba Windows imegundua kifaa hakipo tena, basi. Hausemi lolote kuhusu hali ya mafaili. Ushahidi ni maneno yanayotamkwa baada ya kutoa amri, ambayo huanza na "Safe To Remove Hardware" na kufuatiwa na taarifa kwamba kifaa sasa kinaweza kuondolewa. Taarifa hii hupita haraka, na wakati mwingine humezwa na maneno mengine ambayo kisoma skrini kilikuwa kikiyatamka. Ikikupita, katika Windows 11 bonyeza Windows pamoja na N, na katika Windows 10 bonyeza Windows pamoja na A, uitafute kwenye orodha ya taarifa. Njia nyingine ya kuhakikisha ni kufungua File Explorer na kuangalia kama jina la flashi limeondoka kwenye orodha ya diski.

Njia za kibodi

Njia ninayoipendekeza kwa anayeanza ni ya kupitia File Explorer. Bonyeza Windows pamoja na E, nenda kwenye "This PC", tembea kwa mishale hadi usikie jina la flashi na herufi yake, kisha bonyeza Shift pamoja na F10 kufungua menyu. Shuka hadi "Eject", halafu Enter. Tahadhari moja ya lazima: katika menyu hiyo neno "Format" kwa kawaida hukaa jirani kabisa na "Eject", na kufomati ni kufuta kila kilichomo. Usibonyeze Enter kwa kuhesabu mishale. Ngoja neno litamkwe lote. Ukiteleza ukaingia kwenye "Format", hakuna kilichofutika bado, kwa sababu hufunguka kwanza dirisha linalosubiri ubonyeze "Start". Bonyeza Escape utoke, uanze tena kwa utulivu.

Njia ya pili hupitia eneo la taarifa lililo kwenye kona ya chini ya kioo. Bonyeza Windows pamoja na B. Mara nyingi utaangukia kitufe cha kuonyesha alama zilizofichwa, nawe ukifungue kwa Enter. Tembea kwa mishale hadi "Safely Remove Hardware and Eject Media", bonyeza Enter, na menyu itakutajia vifaa vilivyochomekwa, kila kimoja kikitanguliwa na neno "Eject". Ubora wa njia hii ni kwamba inavitaja vifaa vyenyewe, na ubaya wake ni kwamba alama hizo hubadilika nafasi kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Ipo njia ya tatu isiyojulikana sana, na kwa mtu mwenye kompyuta yake mimi naiona kuwa bora kuliko zote. Bonyeza Windows pamoja na R, kisha andika rundll32.exe shell32.dll,Control_RunDLL hotplug.dll na ubonyeze Enter. Litafunguka dirisha la zamani lenye orodha ya vifaa na kitufe cha "Stop", dirisha linalosomeka vizuri sana kwa kisoma skrini kwa sababu halina alama za kutafuta wala menyu zinazojificha. Hakuna haja ya kuyaandika maneno hayo marefu kila siku. Kwenye deski ya kompyuta fungua menyu kwa Shift na F10, chagua "New" kisha "Shortcut", andika amri hiyo na uipe jina. Baadaye, ukiwa juu ya jina hilo, bonyeza Alt pamoja na Enter, nenda kwenye nafasi ya "Shortcut key" na ubonyeze herufi unayoitaka, mathalani T. Tangu hapo Ctrl, Alt na T zikibonyezwa pamoja zitakufungulia dirisha hilo popote ulipo.

Kwa mwenye flashi zaidi ya moja, kuzipa majina husaidia kuliko inavyodhaniwa. Ukiwa juu ya flashi ndani ya "This PC", bonyeza F2 na uandike jina fupi lisilozidi herufi 11, kwa mfano MASOMO. Kuanzia hapo File Explorer itakutajia MASOMO, badala ya maneno yasiyotofautisha flashi moja na nyingine. Upande wa mkono, funga uzi au bandika alama ya Braille kwenye flashi hiyo hiyo, ili ile uliyoitoa kwa kibodi iwe ndiyo unayoichomoa. Kabla ya kuvuta, ipapase kwanza, kwani jirani yake panaweza kuwa na kipokezi cha mausi au flashi ya mtu mwingine.

Pale kisoma skrini chenyewe kinapokaa kwenye flashi

Jambo hili huwakwaza hata wazoefu. NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na kuendelezwa pamoja na James Teh, Waaustralia wawili wasioona, inaweza kuwekwa kwenye flashi na kuendeshwa kutoka humo bila kusakinishwa kwenye kompyuta. Ni msaada mkubwa kwa mtu anayefika kwenye kompyuta ya watu, awe Tabora, Urambo au Kasulu, kwa kuwa anachomeka, anafungua, na kompyuta inaanza kuongea. Tatizo huja wakati wa kuondoka. Anatoa amri ya "Eject" na kuambiwa kwamba kifaa kinatumika. Anafunga mafaili yote, anarudia, na jibu ni lile lile. Kinachoitumia flashi ni NVDA yenyewe, ambayo inaendeshwa kutoka humo. Akiifunga NVDA ili flashi iachiwe, anabaki hana sauti ya kumwongoza kwenye menyu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakachomoa tu.

Suluhisho ni kukabidhi kazi kwa Narrator kabla ya kuondoka. Katika Windows 10 na 11 bonyeza Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja. Katika Windows za zamani bonyeza Windows na R, andika narrator, kisha Enter. Ukishaisikia sauti ya Narrator, ifunge NVDA kwa kitufe cha NVDA pamoja na Q na uthibitishe kwa Enter. Sasa flashi imeachiwa, nawe bado unaongozwa. Itoe kwa njia yoyote kati ya zile tatu, sikiliza taarifa, chomoa, kisha izime Narrator kwa vitufe vile vile ulivyoiwashia, ili anayekuja baada yako asikute kompyuta inaongea.

Kama Narrator haipatikani au sauti yake haieleweki, zima kompyuta kabisa, baada ya kumwomba ruhusa mwenye nayo. Bonyeza Windows pamoja na D kufika kwenye deski, kisha Alt pamoja na F4, na usikilize kilichochaguliwa kabla ya kubonyeza Enter. Kinachotakiwa ni "Shut down". Kikitajwa "Sleep", badilisha kwa mshale, kwa sababu kompyuta iliyolala bado inaihesabu flashi kuwa iko mahali pake. Ngoja feni inyamaze, ndipo uchomoe.

Jibu kwamba kifaa kinatumika linaweza pia kuwa na sababu nyepesi zaidi: waraka uliosahaulika wazi, muziki uliosimamishwa bila kufungwa, au ukaguzi wa virusi ambao haujaisha. Pitia madirisha yaliyo wazi kwa Alt na Tab, funga kwa Alt na F4, subiri kidogo, ujaribu tena. Kujibiwa hivyo si usumbufu. Ni Windows inakuambia kwamba haiwezi kukuhakikishia usalama wa mafaili yako kwa wakati huo.

Kukatika kwa umeme ni jambo la kuhesabiwa pia. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, umeme ukikatika katikati ya kunakili, huiacha flashi katika hali ile ile ya kuchomolewa ghafla. Kwa hiyo nashauri faili likishanakiliwa flashi itolewe mara moja, isiachwe imechomekwa mchana kutwa huku kazi nyingine zikiendelea. Diski ya nje yenye sahani inayozunguka inahitaji uangalifu wa ziada, nayo ina faida yake kwa asiyeona: ukishaitoa kwa kibodi, iwekee kidole juu na usubiri hadi mtetemo ukome kabisa ndipo uiondoe. Kwenye kompyuta za Mac, ambako kisoma skrini ni VoiceOver, flashi iliyochaguliwa ndani ya Finder hutolewa kwa Command pamoja na E.

Ikiwa flashi tayari ilichomolewa vibaya na sasa Windows inakuambia kwamba ni lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, usibonyeze Enter. Bonyeza Escape, na usiandike kitu kingine chochote humo, kwa sababu kila kinachoandikwa upya kinaweza kukalia nafasi ya faili la zamani. Ipeleke kwa fundi anayejua kurejesha mafaili, na umweleze wazi kwamba unachohitaji ni mafaili, si flashi. Ikiwa flashi inafunguka lakini baadhi ya mafaili hayaonekani, nakili kwanza kwenye kompyuta yale yanayofunguka, halafu bonyeza Windows na R, andika cmd, bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja ili ifunguke kwa ruhusa ya msimamizi, kubali ruhusa itakayoombwa, kisha andika chkdsk E: /f ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Amri hiyo hulirekebisha daftari la flashi, na vipande visivyo na mwenyewe inavyovikuta huviweka kwenye folda iitwayo FOUND.000 vikiwa na majina kama FILE0000.CHK. Folda hiyo kwa kawaida hufichwa, kwa hiyo usiitafute kwa mishale. Ndani ya File Explorer bonyeza Alt pamoja na D, andika E:\FOUND.000, kisha Enter. Vinakili vipande hivyo kwenye kompyuta na ujaribu kuvifungua kimoja kimoja kwa programu ya kuandikia, kwani kipande chenye maandishi ya kawaida mara nyingi husomeka hata kama jina lake limepotea.